Mbuzi ya jirani

Jumanne

Nimemdanganya Mama tena, na sijutii.

Nesi alisema asipotembea, miguu itakataa kabisa. Lakini ukimtajia mazoezi anakunja uso: "Mimi si mtoto wa nasari." Basi kila asubuhi napiga kelele, "Mama, mbuzi ya jirani imeingia kwa mahindi!" Ugonjwa umeshamsahaulisha ya jana, kwa hiyo anashika fimbo na kuzunguka shamba lote akitukana.

Jirani mwenyewe anashinda sokoni Kianjai akiuza miraa yake. Hafugi hata kuku.

Leo Mama amerudi akihema, akaniita kwa jina la dadake marehemu. Kisha akaketi, akanyoosha miguu.

"Ambia hiyo mbuzi yako kesho iingie kwa maharagwe. Huko kwa mahindi kuna mlima."