Sikio la Mwaisha

Kijiji cha Ujamaa Mahurunga,
Mtwara.
3 Desemba 1975

Mpendwa kaka Thabiti,

Asalaam aleikum. Habari za Muheza na kazi ya mkonge? Wifi yangu Mwanahawa hajambo, na yule mdogo wa Mwaisha ameanza kukimbia? Huku tu wazima. Mama naye mzima, na ulimi wake ndio mzima kutupita sote. Mvua za kwanza zimenyesha, mihogo tumeshapanda.

Utashangaa mwandiko wangu unavyokimbia. Kaka, furaha imenizidi! Lile sikio la mwanao Mwaisha limekauka usaha, limekauka kabisa! Uliandika kwamba utakuja kumchukua umpeleke shule ya viziwi. Nakuomba usifunge mzigo kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho.

Wajua tangu umlete, alipoachishwa ziwa mapema kwa ule ujauzito wa wifi, mtoto hakuwa na raha. Mafua hayamwishi, anashika sikio na kulia, akiamka usaha umelowesha mto. Mama alimdondoshea mafuta ya nazi, akamfunika kichwa kwa kanga watu wasione. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Ikafika mahali tunamwita hageuki, watoto wenzake wakaanza kumwita bubu. Iliniuma mno.

Nikambeba hadi zahanati. Muuguzi pale ni Rozalia, mama wa Kimakonde asiyependa upuuzi. Alimwanzishia sindano, akanionyesha kusokota pamba kavu ya kufyonza usaha, akakataza mafuta au kitu kingine chochote kutiwa sikioni. Kisha akasema atakuja nyumbani aone kinachomrudishia ugonjwa.

Basi akaja Mama anapomnywesha uji! Wamjua Mama: mtoto chali mapajani, uji unamiminwa kwa kiganja, na pembeni korosho zinachomwa humo humo jikoni kwa ajili ya mvua, moshi wake unatoa machozi.

"Mama, mwinue huyo mtoto!" Rozalia akapiga kelele.

"Wanangu wote nimewanywesha hivi hivi mie, mbona wanasikia?" Mama akajibu, akanitazama. "Labda huyu Somoe, huyu hasikii la mtu."

Rozalia alicheka, akakaa mkekani akatueleza. Kumbe kuna mfereji mwembamba kutoka nyuma ya pua mpaka ndani ya sikio, na wa mtoto mdogo ni mfupi, tena umelala. Mafua yakimkaba, unaziba, usaha unajaa ndani mpaka unatoboa ngoma ya sikio. Uji akinyweshwa chali huweza kupandia humo. Moshi nao huuvimbisha. Mtoto aliyekosa ziwa mapema kinga yake ni ndogo, na tangu tuhamie kijijini watoto wetu wanalala kitanda kimoja wakigawana mafua. Si uchawi, wala si maji ya kuogea. Wifi asijilaumu, nami Mama simlaumu, nani kati yetu alijua?

Sasa korosho zinachomwa nje, mbali na mlango. Mwaisha anakunywa uji ameketi wima kama mkwe aliyekuja kutembea. Mama alinuna, lakini leo ole wake mtu atakayemlaza mtoto huyo na kikombe!

Na jana, kaka! Alikuwa amenipa mgongo, mimi namenya muhogo. Nikasema kwa sauti ya chini tu, "Mwaisha." Akageuka. "Abee!" Ungo ulimtoka Mama mkononi, akalia waziwazi. Nikamwita tena na tena mpaka akanikasirikia. Rozalia anasema masikio yote mawili yalikuwa yameziba; la kushoto, lile lililotoa usaha, bado zito kidogo na ataendelea kulitazama, ila shule ya viziwi tuisahau.

Shemeji yako Saidi anakusalimu. Nisalimie wifi na binamu yetu Jumanne. Mwenyezi Mungu awape afya, riziki na mlango wa kurudi nyumbani.

Ukipata likizo, njoo. Ukimkuta uwanjani, usimpigie kelele kama ulivyofanya ulipotutembelea. Mwite polepole. Ataitika, kaka, nawe utamsikia.

Wako akupendaye,
dada yako,
Somoe