Kofia ya Beno na Ndege wa Bomani

Mama,

Ulipoanza kisomo cha watu wazima uliniletea salamu kwamba ukishajua kusoma, barua yako ya kwanza itoke kwangu, na isiwe na maneno magumu. Ulifika kwenye kuandika jina lako, kisha ukatutoka. Basi barua yako ndiyo hii.

Shikamoo, Mama. Una mjukuu. Anaitwa Beno, jina la babu yake wa Mpepai, lakini paji la uso ni lako, lile pana. Amezaliwa wewe ukiwa umeshalala, nami nikiwa huku Mbinga kwenye nyumba ya serikali, maana mume wangu bado ni bwana shamba wa kahawa. Unanijua nilivyo. Ulikuwa ukisema, "Huyu mvua isiponyesha analia, ikinyesha analia." Sasa mtu wa namna hiyo amepewa mtoto, na mama yake wa kumwuliza hayupo.

Alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaza shingo aliugua homa, ikapanda mpaka degedege. Macho yalimgeuka, Mama. Nilikimbia naye hospitali bila viatu. Wakamchoma sindano, akapona, tukarudi nyumbani. Mama Mkwe, aliyekuja kutoka Mpepai kunisaidia uzazi, alisema nilimtoa nje mapema mno, ndege wakapita juu na kivuli chao kikamwangukia. Hakusema kwa ubaya, alisema huku akinikorogea uji. "Mwanangu, mtoto mchanga hakai chini ya ndege." Tangu siku hiyo akamvalisha kofia nene ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ikamfunika mpaka shingoni, na baridi ya huku unaijua. Hata ndani ya nyumba haivuliwi.

Halafu akaja jirani yangu, Mama Salehe, mke wa karani, mtu wa Tabora, mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki. Akamtazama Beno, akasema mtoto wa dada yake aliugua hivyohivyo, na alipopona hakusikia tena. Akamaliza chai yake, akaenda zake. Mimi usingizi ukaishia hapo.

Nilipiga makofi nyuma ya kichwa cha Beno, hakugeuka. Niliangusha mfuniko wa sufuria. Alipepesa macho, lakini hata nzi humfanya apepese. Wakati wa kumwogesha alilia mno nisiweze kujua lolote. Mume wangu akasema, "Mwache mtoto, utamtia wazimu." Alisema kweli, ila ukweli wake haukunisaidia kitu.

Ndipo nikawakumbuka ndege. Mbele ya ofisi za bomani kuna bustani, maua yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na miti yake asubuhi hujaa kelele. Mama Mkwe akienda misa, mimi namtorosha Beno. Niliogopa kivuli na niliogopa masikio, kwa hiyo nilimwongezea kanga juu ya kofia, nikampakata uso kwa uso, nikamkazia macho nione kama atageuka. Ndege wote ulionifundisha kule shambani walikuwepo. Tetere alilalamika juu yetu, kwenzi wakagombana, chiriku wakaingia na kutoka kwenye ua. Matarishi wa ofisi walipita wakinisalimu kwa sauti ya huruma. Beno alinitazama mimi tu, naye akakunja uso kwa sababu mimi nimekunja. Nilirudi nyumbani nimeloa jasho, na kesho yake nilikwenda tena.

Kisha tulishuka ziwani kuanua matanga yako. Kijiji kimehamishwa, Mama. Nyumba zimepangwa kwa mistari, mbali na maji, na pale petu pa zamani kimebaki kichanja chako cha kukaushia samaki. Watu wanaimba kwa sauti kubwa na kulalamika kwa sauti ndogo. Mpunga wa shamba la kijiji ulikuwa unakomaa, na zamu yako ya kuamia ndege wasiule ameichukua Mama Mdogo. Akaniomba nipande dunguni, kule juu ya nguzo tunakolindia, nimpokee, yeye akapike. Lile dungu halipandiki na mtoto mikononi, nikamfunga Beno mgongoni. Mama Mdogo akatutazama, akaitupa kanga kule, akamvua ile kofia. "Joto lote hili! Na masikio umemziba hivi, unataka asikie kwa pua?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Kumbe muda wote huo nilikuwa na kofia ya kuisingizia bila kujua, na sasa imevuliwa. Kama hatasikia leo, basi hasikii. Nilipanda.

Kwelea wakainuka kwenye matete, kundi zima, wakaja moja kwa moja kwenye mpunga. Nikavuta kamba ya makopo, kamba ikakatika. Ikabaki njia yako. Tangu tukuzike sikuwa nimepaza sauti, Mama, hata nyumbani nilikuwa nanong'ona. Nikafungua kinywa: "Hooiyaa! Hooiyaa!" Sauti iliyotoka ilikuwa yako.

Beno akashtuka. Sikumwona, nilimsikia mgongoni, mwili mzima ukaruka na visigino vikanipiga mbavu. Akalia. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Nikaita tena, akaruka tena. Mara ya tatu alicheka, Mama, cheko zito la mzee. Nikakaa juu ya dungu lako nikalia mpaka kwelea wakarudi wakala mpunga wa kijiji. Mwenyekiti asijue.

Mama Mkwe nimemwambia kofia ni ya baridi tu, akanuna, kisha akaikata pembeni masikio yatoke. Kivuli bado nakiogopa kidogo. Na sasa najiuliza mbona meno hayaoti. Usinicheke.

Lakini nakuahidi hili: hofu ikinijia sitamkazia macho tena, nitamfunga mgongoni. Na mpunga wa mwakani nitashuka naye, nishike zamu yako. Pumzika, Mama. Ukisikia kelele shambani, ni sisi.

Mwanao