Miraba Yangu Imekuwa Midogo

Jumatano, Bukoto. Mvua imeacha kabla ya adhuhuri, nje ni matope mekundu na wateja wamekaa makwao. Sina huzuni leo. Niliamka na ule utulivu wa mtu aliyeharibu kitu na bado hajamwambia mwenye kitu.

Mwenye kitu ni Shamim, binti wa marehemu dada yangu Mwajuma. Anaolewa Jumamosi.

Kitu chenyewe ni mfarishi. Wanaosoma hapa wananijua zaidi kwa picha za gomesi na magauni, lakini wengine mmeona pia mifarishi yangu ya viraka, ile ninayoshona kwa mabaki ya vitenge kazi za nguo zikipungua. Ufundi huo nilifundishwa na Mwajuma. Mimi nilianza na nguo. Yeye hakuwahi kushona hata sketi. Alisema nguo zina kelele, kila mwenye mwili ana lalamiko lake, lakini hajaona kitanda kilichorudi kwa fundi kulalamika.

Katika familia yetu, kitanda cha binti anayeolewa hutandikwa mfarishi ulioshonwa na mama yake. Si sheria, ni mazoea tu. Wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuona vitu vya nyumba, na wakifika kitandani huinama. Hawasemi kitu. Hushika ncha, huangalia kama pembe zinakutana, kisha huenda kunywa chai.

Mwajuma aliuanza mfarishi wa Shamim mapema, hata kabla ya posa, kwa sababu alijijua ni mtu wa polepole. Alikata vipande vyote kwanza. Akaviunga kuwa miraba, kila mraba na nyota yake katikati, akavuka nusu kidogo. Halafu akaugua, na ugonjwa haukukawia. Baada ya arobaini nililetewa mfuko. Miraba yake ilikuwa imekunjwa upande mmoja, vipande visivyoungwa upande wa pili, na sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kile cha juu.

Niliiacha ile sindano pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki iliyopita nikaanza kuunga vilivyobaki. Nilishona ninavyoshona siku zote. Nguo huiachia nafasi kwenye mshono, upana wa kidole, maana mwenye nguo atanenepa. Kisha huipeleka ovaloki ili ukingo usifumuke. Hata mifarishi yangu naifanya hivyo hivyo, na haijawahi kunisumbua, kwa kuwa kila mraba umetoka kwenye mkono mmoja. Mwajuma alishona karibu kabisa na ukingo, upana wa mguu wa mashine tu, na ovaloki hakuitaka. Pasi pia hakuitaka. Mshono aliulaza kwa ukucha wa dole gumba, akiusugua mara moja kwenda na mara moja kurudi. Miaka yote hiyo niliuangalia ule ukucha. Mshono wenyewe sikuwahi kuuangalia.

Miraba ilipokwisha niliipeleka kwa Ssalongo, mwenye mashine ya ovaloki mwisho wa baraza letu. Aliigeuza huku na huku.

"Nnyabo, hii nguo ya nani? Haina shingo, haina mikono."

"Ya kitanda," nikamwambia.

"Kitanda inavaa! Na bibi yangu kila siku analia hana gauni."

Tukacheka. Mashine yake ina kisu ndani, inashona huku inakata. Kila ukingo ukapita hapo. Vipande vyembamba vya vitambaa alivyovichagua Mwajuma vikaanguka sakafuni, Ssalongo akavifagia pamoja na vya watu wengine.

Jana nikatandaza yote kwenye mkeka, yake kwa yangu.

Yangu imekuwa midogo.

Haikuwa tofauti ya kuvutavuta na pasi. Ukiuweka mraba wangu juu ya wake, wake unachungulia pande zote. Kufumua hakusaidii, kwa sababu kitambaa chenyewe kimeshakatwa na kimeshatupwa. Njia niliyoiona ilikuwa moja tu, kupunguza ya Mwajuma ilingane na yangu. Nikachukua rula na chaki, nikapiga mstari kwenye mraba wake wa kwanza. Mstari ukapita juu ya ncha za nyota. Nikiukata hapo, nyota itabaki butu.

Nikauweka mkasi chini.

Niseme ukweli. Sikuwa nikiwaza nyota. Nilikuwa nikiwaza kwamba mkono wa dada yangu bado upo kwenye ile mishono, na mimi ndiye nitakayeukata, kwa kosa langu mimi. Mwajuma aliishi Bwaise. Maji yakiingia ndani, kitu cha kwanza kupandishwa juu ya kabati kilikuwa kapu lake la vitambaa, kisha watoto, kisha godoro. Watoto walikuwa wakilalamikia mpangilio huo. Vile vitambaa vilipona mafuriko yote, vikaja kuharibikia Bukoto, mahali pakavu.

Leo asubuhi nilijaribu njia nyingine. Nina kitambaa kingi cha sare za shule, rangi ya damu ya mzee, kilichobaki muhula uliopita. Ni kizito, hakichuji, na hakuna anayekitaka. Nilikata tepe, nikazizungusha kwenye mraba wangu mmoja kama fremu. Ukafika saizi ya Mwajuma. Nikashona mwingine, na mwingine. Nikaweka ya Mwajuma yote upande wa mito, yangu upande wa miguu, yenye fremu na ile ambayo bado, na katikati ukabaki mstari ulionyooka. Nilipenda ule mstari. Niliona ni heshima: hapa alifika yeye, hapa nimepokea mimi.

Shamim alikuja mchana kupima gauni lake. Alipouona mkeka alisimama.

"Mama mdogo, unanipeleka kwa mume au unanirudisha bwenini?"

Nikamweleza yote. Mishono, ovaloki, fremu. Alisikiliza huku akiangalia sakafuni. Nilitegemea angekasirika, au angesema haidhuru, kama wanavyosema watoto wenye adabu.

"Ya Mama ikate tu," akasema. "Ilingane."

"Nyota zitakosa ncha."

"Zikose. Sitaki kulala kila siku naona pale alipoishia."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mimi nilimshonea dada yangu alama. Yeye ndiye angejifunika alama hiyo miguuni kila usiku.

Hatukuelewana mara moja. Nilimwambia siukati mkono wa dada yangu. Akaniambia huyo ni mama yake. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa dada yangu kabla hajawa mama wa mtu yeyote, lakini nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa inapanda. Tulikuwa watu wawili tumesimama juu ya mkeka tukigombania maiti. Ssalongo alipita mlangoni, akatazama ndani, akaendelea na safari yake bila utani. Kwa Ssalongo hilo si jambo dogo.

Shamim akavua viatu, akapiga magoti. Nilidhani anauchukua mkasi. Akachukua mraba wangu mmoja wa upande wa miguu, akaupeleka juu, katikati ya ile ya mama yake. Wa mama yake akaushusha chini. Akarudia. Wenye fremu, usio na fremu, wenye fremu, usio na fremu. Ile ambayo nilikuwa sijaizungushia tepe aliiweka hivyo hivyo, imezama kwenye nafasi yake kama jino la mtoto. Ya Mwajuma ilizidi kidogo, akaipanga ile ya ziada kwenye safu ya mito. Alifanya kazi hiyo polepole sana, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na nani.

Alipomaliza ule mstari haukuwepo tena.

"Haya," akasema. "Sasa mtu aje anionyeshe ameishia wapi."

Nilijaribu kuuona. Mimi mwenyewe niliyeshona ilibidi nitafute.

Hakulia, nami sikulia. Alilijaribu gauni, likabana kidogo kwenye kwapa, nikalilegeza pale pale, kwa kuwa nguo niliiachia nafasi. Akaenda zake Kisugu, kwa shangazi zake wanaomsubiri.

Tangu alipoondoka nimekuwa nikikata tepe. Mraba wa kwanza niliouunga na wa Mwajuma pembe zilikutana, nikapitisha kidole hapo mara kadhaa kuhakikisha. Mshono wa kuiunganisha nimeushona kwa upana wake yeye, mguu wa mashine tu. Mkono wangu haukuzoea. Kila mara ulitaka kuingia ndani zaidi, nikaurudisha. Kesho nitaunga safu zilizobaki. Ijumaa nitauwekea blanketi la ndani na kitambaa cha chini, na Jumamosi asubuhi nitautandika mwenyewe. Wale wanawake wataona fremu moja ndani, moja nje, watadhani ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo. Sitawasahihisha.

Kuna jambo moja sikumwambia Shamim. Tangu arobaini ipite, nimekuwa na kazi ya Mwajuma ya kufanya. Hata siku ambazo sikuigusa, nilijua ipo. Nilikuwa naamka nikiwa na deni kwa dada yangu, na mtu unayemdai au anayekudai hajaondoka kabisa.

Jumamosi kazi hiyo itaondoka pamoja na bibi harusi.

Jumapili nitaamka, nitakuja hapa, nitakaa kwenye mashine. Nitashona nini?