Inchi na Divai Yake

Alhamisi, 12 Septemba 2002

Chumvi hakuna tena. Train hakuna. Wenye bunduki wamezunguka mji wetu wa Kindu, na shamba yetu iko upande wao. Nilienda soko ya Kasuku, nikapata mafuta ya mawese kidogo, ndani ya chupa ya zamani ya divai. Karatasi bado imebandikwa: BOURGOGNE.

Nikamuuliza bwana yangu, Isidore — huyu Bourgogne ni nani? Njo mwenye kampuni?

Isidore akacheka! Tangu bureau ya train, pahali alifanya kazi, ifungwe sijamusikia akicheka. Nikakasirika, kisha na mimi nikacheka. Akanikalisha karibu yake. Anasema si jina ya muntu, wala si jina ya rangi. Ni inchi, kule Ufaransa, wanalima zabibu kwenye vilima. Divai inabeba jina ya udongo wake, sawa vile tunasema muchele ya Kasongo. La Bourgogne, njo inchi. Le bourgogne, njo divai. Na divai ya pengine, hata ikuwe nyekundu namna gani, usiiite vile. Ni kuisingizia.

Nikamwambia: basi mimi? Wazazi wa Kasai, nimezaliwa Kamina, mimba nimeibebea hapa. Huyu mutoto ataitwa wa wapi?

Akaweka mukono kwenye tumbo yangu.

"Huyu? Wa Kindu. Udongo wake njo huu."

Jumapili, 15 Septemba

Misa hakuna. Milio ya bunduki tangu asubuhi, upande wa Alunguli, ngambo ya mto. Tumelala chini ya kitanda, yeye mbele yangu kama ukuta. Akaanza darasa yake, mimi najibu: Mama, inchi? — La. Na divai? — Le! Na yeye aliogopa, nilisikia kwa sauti. Mutoto anapiga teke. Bado tuko.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Miaka mingi sijaandika. Vita ilipita, watoto na kazi vikanijaza mikono. Lakini leo! Leo lazima.

Misenga amepiga simu. Mutoto wangu wa ile vita! Anamaliza masomo ya uuguzi kule Dijon, mji wa Bourgogne. Pahali alichagua mwenyewe, juu ya hadithi za baba yake — tangu akiwa mudogo anasikia ile Bourgogne, akataka kuiona. Sasa imemushika. Anasema, Maman, nimepata muntu. Kijana wa kule kule, wazazi wake wanalima zabibu. Jumapili tarehe 22 wataomba mukono wake kwa video. Anataka Papa ajibu.

Papa! Tangu ile AVC, kiharusi cha wakati wa Pasaka, mukono wa kuume umekufa ganzi, na maneno inakwama njiani. Ngoyi, ndugu yake mudogo, alinivuta pembeni. Hakusema kwa ubaya. Shemeji, acha niongee mimi, tusimupatishe Yaya, kaka yangu mukubwa, haya mbele ya wageni.

Pembeni gani? Nyumba yetu ni ndogo. Isidore alisikia yote. Macho yakajaa maji.

"Mi... mimi," akasema. "Baba ni mimi."

Jumatano, 18 Juni

Mazoezi. Amechagua mwenyewe maneno ya kuwaambia kwa kukubali: Nous boirons le bourgogne, nous visiterons la Bourgogne, njo kusema tutakunywa divai yenu, tutatembelea inchi yenu. Kwa mwingine ni kitu kidogo. Kwake ni kupanda mulima na mugongo wenye kuvunjika. Le inakimbilia pahali pa la. Mara anakunywa inchi muzima, mara anatembea ndani ya divai! Tulicheka mpaka uji ukamwagika kwenye shuka.

Kisha kicheko kikageuka. Akalia kama mutoto. Nikamupangusa mudomo, nikashika uso wake. Papa Misenga, nikamwambia, ulinifundisha chini ya kitanda na masasi ya bunduki inapita. Leo hakuna anayetupiga. Hatuna haraka.

Tukaanza tena. Inchi? Alitafuta, alitafuta. "La." Divai? Akanitazama mudomo, nikaufunga ili nisimusaidie. "Le."

Mungu wangu, namna alivyotabasamu! Upande moja tu wa uso. Unatosha.

Jumapili, 22 Juni

Naandika nikiwa na daftari kwa magoti, watu wote wako hapa. Nilimuvalisha shati nyeupe. Simu ilipoingia, mama wa kijana, Maman Jacqueline, alilia mbele ya kusalimia. Nikampenda. Bwana yake akauliza kwa heshima: Papa Isidore, unatupatia Misenga?

Isidore akainua kichwa. "Nous," akasema. Akapumua. "Nous boi..."

Réseau ya simu ikakatika. Nyuso zao zikaganda kwenye kioo, midomo wazi, kisha giza.

Ngoyi akanyoosha mukono, polepole: Yaya, wakirudi wacha nimalizie. Isidore akachukua simu na mukono wa kushoto, akaiweka kwenye kifua. Ngoyi akarudi kukaa. Misenga ametuma ujumbe, nikamusomea: Papa, usiogope, tunakungoja wote. Isidore akakubali kwa kichwa. Sasa midomo yake inacheza bila sauti. Sijui anasema nini, sitaki kuuliza.

Simu inalia! Nilinyoosha mukono nimufungulie, akanikataza kwa macho. Kidole gumba cha kushoto kinatafuta pa kujibia kwenye kioo, kimekosa mara moja, kinarudi —