Sahihi Yako Kwenye Faili Langu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini lile jino limetulia na sasa unatafuna pande zote mbili. Wapwa zangu nao hawajambo? Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu, ila uzima wa kupanda ngazi za ofisi sina. Barua hii nimempa shemeji mkononi, kwa kuwa amemaliza kununua vipuri vyake na anarudi kesho. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza kama nimekula, ningesema ndiyo, tungecheka, tungeagana, na mimi ningebaki na siri yangu vile vile.

Dada, ninaumwa. Ukiniona nahema mlangoni kwako huwa nasingizia jua, lakini si jua. Mwanzoni mwa mwaka nilisinzia kazini nikiwa nimeshika muhuri, bosi akadhani nimelewa. Daktari wa sukari alinipima, akaniambia kwamba nikilala pumzi hukatika mara nyingi kila saa, ndiyo maana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Presha iko juu, sukari iko juu, na goti la kulia limeanza kugoma. Nilimweleza kwa aibu jinsi nilivyojinyima chakula ili nipungue, nilivyotembea, nilivyokunywa kila maji machungu niliyoshauriwa. Hakunicheka. Alisema kuna watu ambao mwili huwashinda nguvu, si kwa uvivu wao, na kwamba upo upasuaji wa kulipunguza tumbo lenyewe ili mtu ashibe kwa kidogo. Akaongeza kwamba nikiendelea hivi, haoni nikifika miaka thelathini na mitano.

Gharama yake siiwezi. Ilibidi niombe shirika la bima lilipie, na shirika lenyewe ni hili hili linaloniajiri. Unaijua kazi yangu: maombi yote ya matibabu huanzia mezani kwangu. Nakagua kama kila karatasi ipo na kila sahihi ni ya mwenyewe. Penye kasoro, narudisha. Mwaka juzi nilimrudishia fundi seremala mmoja faili lake mara mbili, kwa sababu mkewe aliweka alama ya kidole gumba nje ya kisanduku. Mara ya tatu hakuja tena. Nami nilijiona mwangalifu. Mkuki kwa nguruwe, dada.

Sharti la kwanza lilikuwa kupimwa uzito kila mwezi kwa miezi sita. Mizani ya kliniki inaishia kilo mia na hamsini, nami nimeipita. Muuguzi, mama mmoja mpole, alinizungusha nyuma hadi stoo ya jikoni, nikapanda mizani ya magunia ya unga. Mtunza stoo akauliza gunia hili limeletwa na gari gani. Muuguzi akamwambia afunge mdomo kabla hajafungwa yeye. Mimi nilicheka, maana ukiwa mnene unajifunza kucheka kabla ya wenzako. Nilirudi pale mwezi hadi mwezi, na kufikia mwezi wa nne yule mtunza stoo alikuwa akinifutia unga kwenye mizani kabla sijapanda.

Ombi la kwanza lilikataliwa. Jopo la shirika linaloamua maombi liliandika mstari mmoja tu, kwamba upasuaji wa urembo haulipiwi. Barua ile niliipiga chapa mimi mwenyewe, nikaandika jina langu juu ya bahasha, nikajipelekea. Daktari alikasirika kuliko mimi. Aliandika rufaa ya kurasa tatu, akaambatanisha vipimo vya usingizi, akawauliza ni urembo gani huo wa mtu kukabwa na shingo yake mwenyewe. Jopo likalegea. Likabaki sharti moja, nalo ni Fomu ya Mwangalizi: ndugu wa karibu athibitishe kwa sahihi yake kwamba ameelezwa hatari za upasuaji, ameridhia, na atakaa na mgonjwa wiki sita.

Ndugu wa karibu ninaye mmoja tu.

Mara tatu nimekuja kwako na fomu hiyo ikiwa imekunjwa ndani ya shati, na mara zote tatu nimeondoka nayo. Kila nilipotaka kuitoa nilikumbuka maneno yako siku tuliyotoka kumzika mama. Ulisema wewe ndiye uliyetia sahihi ili apasuliwe, ukiwa na miaka ishirini na hakuna mtu mzima wa kukushika bega, na mama hakutoka. Ukasema kwa hiyo mkono wako huo hautagusa tena karatasi ya hospitali hata ukibembelezwa na malaika. Nilikuwa na miaka sita, nimeshikilia gauni lako. Ulidhani sielewi yanayosemwa.

Basi sahihi yako nimeitia mimi. Naijua tangu ulipokuwa ukisaini ripoti zangu za shule. Sikuhitaji hata kufanya mazoezi. Kwa kuwa siruhusiwi kukagua faili langu, lilipelekwa kwa karani mwenzangu wa meza ya pili. Kazi yake ilikuwa kuilinganisha na nakala ya kitambulisho chako, lakini hakulinganisha. Alisema, "Bonge, wewe ndiye uliyetufundisha kukagua sahihi, mimi nikukague nini?" Akagonga muhuri. Jana idhini ilitoka. Wenzangu walinipigia makofi, bosi akanipa mkono, nami nikaenda kutafuta karatasi ya kukuandikia.

Nilijidanganya kwamba nakuepusha na uchungu. Ukweli ni kwamba niliogopa utanikatalia, na zaidi ya hapo, niliogopa kwamba ukinikatalia nitafurahi. Kisu nakiogopa kama wewe. Kila nikifumba macho namwona mama akisukumwa kwenye kile kitanda cha magurudumu, akitugeukia.

Jumanne, saa nne asubuhi, yule muuguzi atakupigia simu. Huwapigia waangalizi wote kabla ya kupanga tarehe. Atakuuliza kama wewe ndiye uliyesaini, na kama umeridhia. Ukisema ndiyo, nitapasuliwa. Ukisema hapana, idhini itafutwa, na kazi yangu nayo huenda ikafuata. Sikuombi useme ndiyo. Nimeshakuibia mkono, sitaki kukuibia na ulimi. Nilitaka tu simu ile isikukute hujui.

Nisamehe mwandiko, umeharibika kuelekea mwisho. Wasalimie wapwa zangu, mmoja mmoja kwa jina lake. Shemeji asilaumiwe, hajui alichobeba. Nilimwambia ni habari za kazini tu, na huo nao ni uongo mwingine wa kunisamehe. Kama inawezekana, usiisome barua hii mara ya pili ukiwa peke yako. Jumapili nitakuja kukuamkia, hata ukiwa umesema hapana. Ukiona vyema, unifungulie mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda