Picha ya Ndani

Jumapili, 3 Februari 1985

Mimi ndiye Gharib wa Gharib Studio, Malindi. Umri wangu miaka sabini na mbili. Wake zangu wawili wametangulia, mimi nipo. Kamera tatu zimekufa mkononi mwangu, mimi nipo. Vita vya Wazungu vilikuja vikaisha. Studio ya Muhindi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na pazia lake lenye picha ya maporomoko ya maji, imefungwa. Mimi nipo, na mkono hautetemeki.

Skuli sikusoma. Chuoni, kwa Kurani, nilisoma. Herufi za kizungu nilijifunza mwenyewe kwa maboksi ya filamu, bila mwalimu. Naandika polepole lakini naandika. Na haya ni yangu, hayamhusu mtu.

Mji mzima umenibeba mfukoni. Vipande vya watu, vile vitambulisho, kutoka Shela mpaka Sabaki, sura ni kazi yangu. Mwenye pua mbaya nimemgeuza kidogo. Mwenye jicho moja nimemtilia kivuli. Hakuna aliyewahi kurudisha picha. Hata mmoja!

Leo amekuja Jaha muuza vitumbua, wa kichochoro cha nyuma ya msikiti. Akaniamkia, nikaitika, akakaa pembeni, buibui amelivuta mpaka chini ya macho. Ndivyo alivyo, hata akipika. Utotoni alishikwa na ndui, ikamwachia uso mashimo matupu. Watoto humfuata wakiimba: uso wa chuma, uso wa chuma. Yaani chuma cha vitumbua, kile chenye mashimo.

Kumbe anaposwa. Na Mahadhi, kijana wa Faza, kule visiwani Lamu, aliyekuwa hapa mwaka jana kujenga hoteli za Wataliani. Kila asubuhi alikula vitumbua vyake. Uso hajauona. Amesikia sauti, ameona mikono, ametosheka. Lakini kwao wametaka picha. Ami yake, Bwanamkuu, anakuja kuichukua.

Nikamwambia hiyo kazi nyepesi. Nitakugeuza shavu, nitaweka kivuli. Akatikisa kichwa.

"Uso wangu mji ushausema, Baba Gharib. Na nikimpelekea kivuli nitakuwa nimemdanganya. Nipige nilivyo ndani."

Nilivyo ndani! Maisha yangu yote hakuna aliyeniomba hivyo. Nikamjibu naweza. Sijui kama naweza. Nimeshasema naweza.

Sharti lake moja. Picha isitoke hapa ila kwa mkono wake.

Jumatano, 6 Februari

Nimeipata. Lakini kwa taabu.

Nahashon kinyozi, jirani yangu, mtu wa bara, alikaa kizingitini ametupa mgongo. Mlango wazi. Mwanamke hakai peke yake na mwanamume, hata mwanamume mzee. Ingawa mimi si mzee kiasi hicho.

Nilianza na kandili. Jaha akafunua buibui, akalishika kandili chini ya kidevu. Uso wote ukawaka. Nikapiga, lakini nikaona huyu ni mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nikampa kawa la kufunikia chakula, alishike mbele ya uso. Nikapiga, sasa akawa chakula. Nikakasirika. Nikasema taa mbaya, kawa baya, joto la kaskazi baya.

Jaha akaniuliza mbona nahangaika na vyombo vya watu. Akatoka, akarudi na chuma chake kwenye gunia.

Nikamwambia hapana! Si ndilo tusi lenyewe hilo? Watoto wataimba mpaka kiama. Akacheka kidogo. Akasema wao huliimba, yeye hulipikia, sasa nani analijua zaidi?

Nikasogeza kamera, nikampisha.

Akamimina mafuta ya nazi kwenye mashimo yote. Mafuta baridi, safi, juu ya chuma cheusi — kioo kitupu! Akainama. Nikapanda kigoda nyuma ya bega lake, nikachungulia. Shimo hili lina jicho. Hili lina ncha ya pua. Hili lina kidevu. Hakuna uso mzima, lakini Jaha yumo. Na lile shimo la mwisho, lililomeguka ukingo, ambalo kitumbua chake hutoka na mkia na watoto hukigombania, lilikuwa na mafuta tu, halina sura.

Hapo Nahashon, bila kugeuka, akauliza:

"Mzee, hiyo mafuta ni ya kupika ama ni ya kuangalia?"

Jaha akacheka. Kicheko kikaangukia shimo la mkia. Nikapiga.

Alhamisi, 7 Februari

Nimesafisha filamu. Nilipoiona picha inatokea kwenye dawa nilikaa chini. Mimi! Nikakaa chini.

Mashimo ya uso wake hayaonekani. Au yanaonekana — lakini sasa ni mashimo ya chuma, na kila shimo lina mtu ndani.

Hakuna pwani hii mpiga picha wa kupiga vile. Wa Mombasa waje wajaribu.

Uso mzima haupo. Nani atamjua? Nimeiweka dirishani, juu ya picha ya bwana harusi mmoja wa Mambrui. Ni ya leo na kesho tu. Watu wajue Gharib ni nani.

Ijumaa, 8 Februari

Baada ya swala tulikaa kwenye kahawa ya Kavumbi, kama desturi. Wanazungumza unga wa manjano wa msaada wa njaa ya mwaka jana, nani ulimharisha, nani alinenepa. Mazungumzo gani hayo. Nikawakatiza. Nikawaambia nimempiga mwanamke wa mji huu picha ya ndani.

Wakanigeukia wote. Mmoja akauliza, ndani wapi? Nikasema ndani kabisa, mahali ambapo hata mumewe hatafika upesi.

Wallahi nilikuwa na maana ya roho!

Nikawaambia iko dirishani. Wakainuka kama kuna moto. Wakafika, wakaona chuma cha vitumbua. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikawaacha wacheke, maana punda hachungulii kamera. Lakini Kavumbi hakucheka. Akaweka jicho karibu na kioo, akatazama weee, kisha akasema:

"Shimo la mkia hili. Hiki chuma cha Jaha."

Basi vicheko vikakatika. Ingekuwa heri waendelee.

Mimi nimetia sura za watu kivuli maisha yote, na ndugu zao wenyewe wakapotea wasiwatambue. Kumbe chombo hakipotei. Mkia wa kitumbua kile mji mzima umeshautia kinywani.

Jumamosi, 9 Februari

Hakuja mtu. Nimefuta kioo cha dirisha. Nimekifuta tena.

Jumatatu, 11 Februari

Mama mmoja alimleta binti yake kwa picha za kipande. Akafika mlangoni, akaniangalia, akamshika mtoto mkono wakageuka. Mama huyo huyo nilimpiga picha za arusi yake!

Nahashon akaja kunieleza. Kwenye kiti chake cha kunyolea watu husema yote. Kwamba chuma ni kifuniko tu, zipo nyingine hazina buibui wala nguo. Kwamba Gharib siku hizi huingia ndani kwa wanawake. Ndani, ndani, neno langu mwenyewe limetembea mji mzima na limerudi limechafuka.

"Mzee, wanasema iko zingine," akasema.

Nikamsahihisha: ziko. Akasema haya, ziko, lakini shida ni ile ile. Nikamuuliza yeye hakuwaambia kwamba alikuwepo? Akasema aliwaambia. Wakamuuliza alikuwa ameangalia upande gani. Akasema barabarani.

Alasiri akaja Jaha. Hakuniamkia. Alisimama nje, mbele ya dirisha, akaitazama picha kwa mara ya kwanza. Maana mimi sikuwa hata nimempa! Niliiweka dirishani kabla ya kumwita mwenyewe.

Nikatoka. Nikamwambia uso hauonekani.

"Uso ningekusamehe," akasema. "Uso wanauona kila upepo ukivuma. Hiki nilichokupa wewe, hapakuwa na mtu aliyekuwa nacho."

Lilikuwepo neno la kusema. Nalijua, ni fupi, watu hulisema kila siku wakimkosea mtu. Likaja mpaka kwenye meno. Nikasema: lakini kazi ni nzuri, Jaha, pwani yote hakuna kazi kama hii.

Akaitazama tena. Akasema ni nzuri, ndiyo maana inauma. Akaenda zake.

Nimeitoa dirishani. Sasa wanasema nimeificha!

Jumatano, 13 Februari

Bwanamkuu amefika. Mtu mrefu, kanzu safi, bakora. Nilitaraji matusi, nilikuwa nimejiandaa na yangu. Hakutukana. Alikaa, akauliza hali, akasifu kamera. Mtu mpole ni mtihani.

Akasema Mahadhi ni mtu mzima, mwenye kupenda ni yeye. Lakini nyumba yao ina mama, ina dada, na maneno yamefika Faza kabla yake. Hakuja kuhukumu. Ameomba kitu kimoja tu, aone picha zote na filamu yake. Zikiwa safi, posa inaendelea na yeye mwenyewe atawanyamazisha watu. Nikikataa, atajua kwa nini, na atarudi kwao.

Jambo rahisi! Bahasha iko chini ya kaunta, kwenye droo. Kandili, kawa, chuma, na filamu. Safi zote. Mkono ukashika mtoto wa meza. Ukavuta.

Nikakumbuka ile ya kandili. Uso umewaka wote, kila shimo. Amenifunulia mimi, kwa kazi. Hakumfunulia Bwanamkuu.

Nikafunga mtoto wa meza. Nikasema si zangu.

"Ziko mikononi mwako," akasema.

"Ziko mikononi. Lakini si zangu."

Akauliza taratibu, mtu mwenye kitu safi anakataaje kukionyesha? Nikaacha mkono juu ya mtoto wa meza. Akainuka, akasema atapita Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa mara ya mwisho.

Nikizitoa namwokoa, na nimemvunja tena. Nisipozitoa nimetimiza ahadi, na mume amekwenda. Na mimi, fundi wa pwani nzima, nimekaa nimeshika bahasha kama mtu aliyeokota mali ya watu.

Ijumaa, 15 Februari

Kahawani sikwenda. Nilikwenda nyumbani kwa Jaha.

Hakutoka. Tukazungumza yeye yuko nyuma ya pazia la mlango, mimi barazani, wapita njia wananitolea macho. Nikamweleza ya Bwanamkuu yote. Nikamuuliza nizitoe? Nizichome moto?

Akawa anatwanga mchele. Kisha akauliza atakuja saa ngapi. Nikamwambia. Akatwanga tena. Akauliza kama dirisha langu lina kivuli saa hizo.

Nikasema lina kivuli.

Na mimi nilikuwa nimekuja na lile neno fupi, nimelibeba tangu nyumbani. Nikafungua kinywa, nikamuuliza mchele umeroweka vizuri.

"Nenda, Baba Gharib," akasema.

Bado ameniita Baba.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika nimesimama, daftari juu ya kaunta. Herufi zinakwenda upande. Acha ziende.

Jaha yuko nje chini ya dirisha langu, amewasha jiko. Amekuja baada ya adhuhuri na makaa, na chuma, na ndoo ya unga wake uliokwisha kuumuka. Nani anakula vitumbua saa hizi? Kwanza aliingia ndani, akanyoosha mkono. Nikampa bahasha. Hakuzihesabu mbele yangu kuhakikisha. Akatoa ile ya chuma peke yake, akaiweka dirishani kwa mkono wake, akainyoosha. Zilizobaki amezikalia. Hakuna wa kuziona, wala hakuna wa kuzichoma.

Kisha ameketi, na ameshusha buibui mabegani.

Uso wazi. Mchana. Barabarani!

Watu wamejaa. Kavumbi ameacha birika lake motoni. Watoto walikuja mbio, midomo tayari imefunguliwa kuimba. Wakaona uso, wakaona chuma, wakaona picha juu yake. Hakuna aliyeanza. Mmoja ameuliza kama cha mkia kimeiva.

Bwanamkuu ametokea pale kwenye kona. Watu wamempisha. Amesimama. Anatazama picha, anatazama uso, anarudi kwenye picha. Jaha amemwamkia, shikamoo. Ameitika. Jaha ameviepua vya kwanza, ameviweka kwenye sahani, amemnyooshea. Sahani tu.

Ameinama. Vilivyo duara vizuri viko mbele yake. Mkono umevipita. Amechukua chenye mkia.

Cha moto. Anakihamisha mkono huu, mkono huu. Bakora imeanguka, hajaiokota. Hajala. Anatazama ule mkia, anatazama dirishani lile shimo lenye kicheko.

Neno langu nimelisema. Kioo kiko katikati, hakusikia. Lakini limetoka, na nitalisema tena mlango ukiwa wazi.

Mtu akija kubisha haya, amuulize Nahashon. Yuko mlangoni kwake na wembe, mteja amebaki na nusu ya nywele, na leo hakutupa mgongo, ameangalia huku huku. Amuulize hata Kavumbi. Simpendi, lakini macho anayo. Watamwambia Gharib alikuwa ndani, kamera kwenye stendi na filamu imo, na mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote, na hakuigusa.