Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Kibao cha Mlangoni

CHAMA CHA WACHONGA CHAPA
KIKAO CHA SITA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Karakana ya chama, meza kubwa ya kuchapia (wino ulikuwa bado mbichi, Makamu aliarifiwa baada ya kuegemea)
Muda: Kilipangwa saa 8:00 mchana, kilianza saa 8:50

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti
2. Makamu Mwenyekiti, fundi wa kupaka wino
3. Bibi Karatasi, mkata karatasi
4. Mzee Patasi, mchongaji mkuu
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Asiyehudhuria: Mtunza stoo. Alituma ujumbe kwamba yuko hoi kitandani. Bibi Karatasi alimwona asubuhi akicheza karata.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuwahi. Makamu alihoji kama ni halali Katibu kuandika kikao kinachomhusu mume wake, Mzee Patasi. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa kigezo hicho hata yeye angetoka, maana Katibu ni dada yake na Mzee Patasi ni shemeji yake. Katibu alikikumbusha kikao kwamba alimbeba Mwenyekiti mgongoni mpaka akajua kutembea, na hajawahi kumpendelea. Iliamuliwa Katibu aandike ila asipige kura.

KUMB. NA. 2/6: KIBAO
Mwenyekiti alieleza kwamba chama kilimwagiza Mzee Patasi achonge kibao cha kutundika mlangoni, ili watu wajue tulipo. Kibao kilitundikwa Jumatano na kinasomeka APAHC AGNOHCAW AHC AMAHC, herufi zenyewe zikiwa zimegeuka. Kwa faida ya watakaosoma baadaye: ubao wa kuchapia huchongwa kinyume, ili ukipakwa wino na kubandikwa karatasi maandishi yatoke sawa. Kibao cha mlangoni hakibandikwi karatasi.

Makamu alilalamika kwamba watoto wa mtaani wameanza kumwita Apahc. Bibi Karatasi alisema afadhali hilo kuliko walilokuwa wakimwita zamani.

Mzee Patasi alipopewa nafasi alitoa mfukoni maagizo yenye mwandiko wa Mwenyekiti: "Chonga kama kawaida yako."

"Sasa shemeji," alisema, "kawaida yangu ni ipi? Miaka arobaini nachonga kinyume. Ungetaka sawa, si ungeandika sawa?"

Mwenyekiti aliikagua karatasi pande zote mbili, kisha akaomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 3/6: MEZA YA DIRISHANI
Makamu alipendekeza Mzee Patasi apumzishwe kuchonga, apewe kazi ya kupiga msasa, na meza yake ya dirishani, yenye mwanga mzuri, apewe mtu mwingine. Bibi Karatasi aliuliza mtu mwingine nani. Makamu alisema hajafikiria. Bibi Karatasi aliuliza mbona kiti cha Makamu kimehamia pale tangu jana. Makamu alisema kiti kilianikwa tu.

Mzee Patasi hakubisha. Aliweka mezani patasi zake saba, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. "Nilipokitundika nilikisoma mara mbili," alisema, "nikaona kiko sawa kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Chukueni."

Katibu alikitambua kitambaa kuwa ni chake cha jikoni, alichokitafuta siku tatu. Alielewa pia kwa nini tangu Jumatano mhusika hamalizi hata nusu sahani. Iliuma, na iingie kwenye kumbukumbu kwamba iliuma.

Kura ilipigwa. Makamu aliunga mkono pendekezo lake. Bibi Karatasi alipinga kwa mikono miwili, akahesabiwa mmoja. Mzee Patasi hakupiga. Ilibaki kura ya Mwenyekiti, ambaye alikuwa akitazama dari.

KUMB. NA. 4/6: MGENI ASIYEALIKWA
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliingia bila hodi, mkasi mkononi.

"Jamani, kibao chenu kitanifungia kazi! Mteja akikaa kitini anatazama kioo, na kwenye kioo anaona mlango wenu nyuma yake. Kibao kinasomeka vizuri kuliko changu! Anageuka akione chenyewe, anakuta mambo hayaeleweki, anarudi kwenye kioo, anageuka tena. Leo nimemnyoa mtu unyusi mmoja."

Mwenyekiti aliomba radhi na kuahidi kwamba kibao kitashushwa.

"Kishushwe? Nani kasema? Namtafuta aliyekichonga. Nataka bango la mitindo la kutundika nyuma ya wateja, walisome kwenye kioo wakiwa wametulia."

Makamu alisema hata yeye anaweza. Bibi Karatasi alimpa chaki aandike KINYOZI kinyume. Makamu alianza vizuri, akakwama kwenye Z, akaifuta kwa kiwiko, akaiandika vilevile, akasema taa ni mbovu. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Mzee Patasi aliichukua chaki, akaliandika neno zima kutoka kulia kwenda kushoto, huku akimtazama Kinyozi usoni na kumuuliza anataka ubao wa upana gani.

KUMB. NA. 5/6: UKAGUZI NA KUFUNGA
Kikao kilivuka barabara. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha Kinyozi, akatazama kioo na kusoma kwa sauti: "Chama cha Wachonga Chapa." Akasoma tena, taratibu. Kisha akasema, "Shemeji, nisamehe." Mzee Patasi alimjibu asitikisike, maana Kinyozi alikuwa ameshaanza.

Mwenyekiti alipiga kura ya hapana. Iliamuliwa kwamba kibao kibaki na Mzee Patasi abaki dirishani. Kiti cha Makamu kirudi kilikotoka. Neno "kawaida" lisitumike tena katika maagizo ya chama. Patasi zirudi kwa mwenyewe, na kitambaa kwa Katibu, kikiwa na matundu saba.

Kikao kilifungwa hapo kwa Kinyozi saa 10:25 jioni, Mwenyekiti akiwa amenyolewa upande mmoja.

Mwenyekiti: (saini) Nathibitisha yote, ila habari ya mgongoni haikuwa ajenda.

Katibu: (saini) Jioni hiyo mhusika alikula sahani mbili.